Nilimzika Mdogo Wangu kwenye Fomu

SEHEMU YA SABA

Jino langu lililong'oka wiki iliyopita nimelihifadhi ndani ya kiberiti. Anayesema natia chumvi aje nyumbani nimfunulie.

Kama gazeti la wiki iliyopita ulifungia sabuni kabla hujalisoma, sogea nikudokeze.

Mimi ni mstaafu. Miaka thelathini na mmoja nimepanda nguzo za umeme, nikapigwa shoti mara tisa, na ile ya tisa ikanisimamisha nywele, mpaka leo zinakataa kulala. Baba alituachia kiwanja kimoja, mimi na mdogo wangu, pale kwenye kona ya mzunguko ambapo kila gari la mji wetu mdogo lazima lipunguze mwendo. Mdogo wangu akaenda machimboni, akapotelea huko miaka kumi na mmoja. Barua hakuna, simu hakuna.

Ikaja kampuni ya kuchaji magari ya umeme. Ikakitazama kiwanja, ikakipenda. Kwenye fomu yao kulikuwa na swali: "Je, yupo mrithi mwingine?"

Nilitakiwa kuandika: "Yupo, ila hajulikani alipo." Lakini wangetangaza, wangesubiri, wangechoka, wangehamia kwenye kiwanja cha mtu mwingine.

Nikaandika neno moja tu. "Alifariki."

Kulikuwa na nafasi ya kutaja ugonjwa. Nikamchagulia homa ya mapafu, nikaona ni ugonjwa wa heshima.

Mwaka mmoja baadaye, mashine mbili zikiwa zimesimikwa na teksi za umeme zimejaa kiwanjani, marehemu akabisha hodi.

Alikuja kudai nusu yake. Badala ya nusu nikampa kigoda cha kichwa, naye akanipa ngumi ambayo ilinipeleka mpaka mwaka juzi na kunirudisha. Ndiyo iliyoondoka na jino. Lakini kwamba alikwishazikwa, hilo alikuwa bado hajalijua. Hapo ndipo tulipoachana, wewe na mimi.

Asubuhi iliyofuata mke wangu alikuwa ananikanda taya kwa maji ya chumvi. Mdogo wangu alikuwa amelala chumba cha wageni, anakoroma mpaka vikombe vinatembea kabatini.

"Mwambie," mke wangu akasema.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba umemzika."

"Nitamwambia mkaguzi akishaondoka."

Mkaguzi wa kampuni alikuwa anakuja siku hiyo saa nne. Akiridhika, kampuni ingetuletea mashine nne zaidi, paa la kivuli, na mkataba wa miaka kumi na mitano. Asiporidhika, hata hizi mbili zingeng'olewa, na mimi na mke wangu tungerudi kutazamana.

Na kulikuwa na sharti moja ambalo lilininyima usingizi. Katikati ya zile mashine mbili pana kitufe chekundu, kikubwa kama kifuniko cha chupa ya chai. Ukikibonyeza, umeme wote unakatika na kampuni inapata taarifa hapo hapo. Kikibonyezwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja, wanahesabu kwamba mahali hapo pana hatari, wanabeba vyombo vyao.

Sisi tulikuwa tumeshakibonyeza mara mbili. Mara ya kwanza dereva mmoja alikiegemea kwa makalio akisimulia habari za mkwewe. Mara ya pili madereva wawili waliumana masikio, ikabidi.

"Na mkaguzi, huyo utamwambia lini?" mke wangu akauliza.

"Huyo? Baada ya miaka kumi na mitano."

Akakandamiza kitambaa kwenye taya.

"Aaa! Unaniua, mama!"

"Nani anaua kwa kitambaa? Humu ndani anayeua kwa kalamu ni wewe."

Nilivaa shati jeupe, nikapita mlango wa chumba cha wageni, nikasikiliza mkoromo. Nikachukua kufuli. Nikamfungia kwa nje.

Naungama hilo pia. Mgeni, tena damu yangu, nilimfungia kama mbuzi.

Sasa nikueleze kiwanjani kwangu mambo yanavyokwenda, maana bila kulijua hili hutaelewa damu yote iliyomwagika.

Kampuni ilitaka madereva wapange foleni kwenye simu. Ilishindikana wiki ya kwanza. Mmoja simu imezima, mwingine anapanga foleni akiwa bado kitandani. Wakabuni ya kwao. Kila dereva akifika anavua kiatu cha kushoto, anakiweka kwenye mstari kuanzia kwenye mashine kwenda getini, kisha anakwenda kukaa ukutani na mguu mmoja peku. Gari likimaliza kuchaji, mwenye kiatu cha mbele anavaa, anaingia, na kila mtu anasogeza chake hatua moja.

Hakuna anayegusa kiatu cha mwenzake. Ukigusa kiatu cha mtu pale, ni sawa na kumtukania mama yake akisikia.

Asubuhi hiyo mashine moja ilikuwa inapumzika, mkaguzi aje aikague ikiwa baridi. Kwenye ile nyingine kulikuwa na teksi nyeupe ya dereva tunayemwita Kifaru, kwa sababu ya shingo yake, au tuseme kwa kukosa shingo. Nyuma yake viatu kumi na kimoja. Kandambili, raba, buti la mvua, na kimoja cha harusi kilichochongoka mbele kama penseli.

Amani tupu. Nikafuta mashine mara tatu. Nikafagia. Saa tatu u nusu nikasikia madereva wanacheka huko getini.

Mdogo wangu alikuwa anaingia. Mgongoni amebeba mlango.

Mlango mzima, ndugu msomaji. Na bawaba zake, na kufuli likiwa bado limefungwa vizuri kabisa. Amevuka nao mji mchana kweupe.

Akauegemeza kwenye ukuta wa geti, akafuta jasho.

"Kaka," akasema, "nimekuletea mlango wako. Uliusahau umefungwa."

"Mdogo wangu, rudi nyumbani. Saa sita tutazungumza. Naapa."

"Saa sita ya mwaka gani?" Akatazama chini. "Na hivi viatu vya nini? Hapa kwa baba pamekuwa msikiti?"

Mwenye buti akainuka ukutani, akamkazia macho.

"Bwana wee," akasema, "wewe si yule wa kwenye picha?"

Moyo wangu ukaanguka mpaka kwenye soksi.

Nieleze kuhusu picha. Kampuni ilipokuja mara ya kwanza kukagua, niliona neno tupu kwenye fomu halitoshi. Nikatafuta picha ya mdogo wangu, nikaikuzisha, nikaitia kwenye fremu nzito yenye kioo, nikaifunga utepe mweusi, nikaitundika kibandani kwangu. Chini yake nikaandika kwa mkono wangu: "Umetuachia pengo." Wale wa kampuni walivua kofia. Mmoja alinishika bega.

"Picha gani?" mdogo wangu akauliza.

"Ya marehemu," akasema mwenye buti. "Ndugu yake huyu mzee. Mnafanana sana, hata kovu la..." Akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Salaale!"

Mdogo wangu akaingia kibandani. Alikaa humo muda wa kutosha kuchemsha maji. Akatoka ameishika fremu kifuani, amekuwa mpole ghafla. Mimi namjua. Upole wake ndio wa kuogopa.

"Kaka. Nilikufa lini?"

"Mwaka juzi."

"Kwa nini?"

"Homa ya mapafu."

"Niliteseka?"

"Kidogo tu. Ulikwenda vizuri."

Alitikisa kichwa kama anayeshukuru. Kisha akainua fremu kwa mikono miwili na kunishushia nayo utosini.

Kioo kilipasuka, kikanimwagikia usoni. Picha ikachanika katikati, fremu ikanishuka mpaka mabegani ikakwama. Nikawa nimesimama na sura yangu mahali pa sura yake, utepe mweusi shingoni, damu inanitiririka kwenye shati jeupe.

Nilimrukia. Umri wangu ni miaka sitini na tano, lakini mtu aliyepanda nguzo ana vidole vya koleo. Nilimshika koo. Akanipiga goti la tumbo, pumzi ikatoka na haikuaga. Nikamng'ata mkono kwa meno niliyobakiwa nayo, akalia, akaninyanyua mzima mzima, akanirusha.

Nikatua kwa mgongo juu ya mstari wa viatu. Nikateleza juu yake kutoka cha tano mpaka cha mwisho.

Ukutani madereva wakavuta pumzi kwa pamoja.

"Usiguse viatu!" nikapiga kelele. "Nipige mimi! Viatu usiguse!"

Nani alinituma? Alikuwa anatafuta cha kunirushia, nimempa mwenyewe. Akaokota kandambili, akanipiga nayo usoni. Akaokota raba. Akaokota buti, lile likanipata sikioni mpaka nikasikia kengele za shule ya msingi. Alirusha vyote kumi na kimoja, na kila kimoja alikirusha na neno lake.

"Hii ya homa! Hii ya mapafu! Hii ya pengo!"

Alipomaliza, viatu vilikuwa vimetapakaa kiwanja kizima. Foleni haikuwepo tena.

Mwenye kiatu cha harusi akauliza, kwa adabu kabisa:

"Jamani, nani alikuwa wa kwanza?"

"Mimi!" wakajibu watu kumi na mmoja.

Ngumi ya kwanza sikuiona ilikotoka. Niliona tu ilipofikia. Pua ya mwenye raba ilihama upande. Mwenye raba akachomoa mkanda, akamchapa nao jirani yake, mtu ambaye hakuwa amemfanya lolote. Wawili wakashikana mashati wakaanguka juu yangu. Mmoja alikuwa anapigwa kichwa ardhini huku bado anajieleza, "Nimefika kabla ya jua! Muulize mke wangu!" Jino la mtu likadondoka kando ya mdomo wangu. Nikalitazama kwa huruma ya mwenye uzoefu.

Mwenye buti yeye alikuwa na hesabu zake. Aliona heri gari la Kifaru liondoke, nafasi ipatikane. Akaokota tofali, akalipiga kioo cha mbele.

Kifaru alikuwa ndani amesinzia. Akaamka amejaa vioo mapajani. Akaona watu wanakuja. Akakanyaga kuondoka.

Gari la umeme likiwa limeng'ata waya haliondoki. Limetengenezwa hivyo, ili mtu asije akaondoka na mashine ya watu. Kifaru alikanyaga, akakanyaga, gari limetulia kama ng'ombe anayekamuliwa, na tofali la pili likaingia dirishani.

Akatoka. Mkononi spana ya magurudumu.

Sitasimulia yote aliyofanya na spana ile, gazeti hili linasomwa na watoto. Mkono wa mwenye buti ulivunjika mahali pawili, na mlio wake niliusikia nikiwa chini ya watu wawili. Mlio mkavu, kama kuni.

Hapo ndipo nilipoona viatu vipya. Vyeusi, vinang'aa, vyote viwili viko kwenye miguu ya mtu. Nikainua macho. Mama mmoja wa makamo, kofia ngumu kichwani, faili kifuani, amesimama kando ya mlango wetu wa chumba cha wageni.

Mkaguzi. Amewahi kwa robo saa.

"Ni kituo hiki?" akauliza.

Nikajitoa chini ya watu nikiwa na fremu shingoni.

"Karibu, mama. Ni mazoezi tu. Mazoezi ya usalama."

Mdogo wangu alitusikia. Akaitazama ile kofia, akaitazama nembo kwenye faili, na ile ile kwenye mashine.

"Ndio hawa walionizika?" akauliza.

"Mdogo wangu, tafadhali," nikamnong'oneza.

"Basi leo ninafufuka."

Akaingia kibandani akatoka na panga langu la kukatia nyasi. Wote waliokuwa karibu naye wakafungua njia, hata waliokuwa wanapigana. Hakumfuata mkaguzi. Hakunifuata mimi. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine yenye gari la Kifaru, pale waya mnene kama mkono wa mtoto ulipokuwa umejinyoosha kutoka mashine hadi gari.

"Nitaukata mrija wenu wa kunyonyea," akasema.

Sasa nisikilize vizuri. Vituko vya mlango na viatu nimekusimulia nikicheka, lakini hiki sicheki.

Ndani ya waya ule mlikuwa na volti mia nne. Mpini wa panga langu ulivunjika mwaka jana, nikaufunga kwa waya wa chuma. Mimi nimewashusha watu wanne kutoka kwenye nguzo wakiwa wameungua ndani, nje wanaonekana wamelala. Nilijua kitakachompata mdogo wangu panga lile likipita kwenye mpira na kukutana na shaba.

Nilikuwa nimemfuata mpaka katikati ya mashine, na kitufe chekundu kilikuwa umbali wa mkono wangu. Sikuhitaji hata kupiga hatua.

Na sikubonyeza.

Mara ya tatu, nikawaza. Mkaguzi amesimama pale. Nikibonyeza, mashine zinaondoka, nne hazija, kiwanja kinarudi kuwa vumbi. Halafu likanijia wazo la pili, na hili sijamwambia mtu mpaka leo ninapokuandikia wewe. Niliwaza kwamba nikinyamaza tu, nikichelewa kidogo tu, lile neno nililoandika kwenye fomu litakuwa la kweli.

Mdogo wangu akainua panga. Akageuza kichwa, akanitazama. Akautazama mkono wangu ulivyoning'inia kando ya kitufe.

Pumzi moja. Ya pili. Ya tatu.

Nikanyoosha mkono, na mkono ukadakwa. Kifaru!

"Usizime!" akanguruma. "Imebaki asilimia kumi na mbili! Nimekaa kwenye foleni tangu alfajiri!"

"Atakufa, mjinga wewe!"

"Afe nikijaza!"

Akanipiga ubavuni, nikasikia ubavu ukiitikia. Nikamchapa kichwa cha uso na fremu yote, kona ya ubao ikamwingia chini ya jicho. Akaniachia akishika uso. Nikajitupa kwenye kitufe kwa kifua, kwa paji la uso, sijui kwa kipi.

Tak.

Taa za mashine zikafa. Panga likashuka hapo hapo. Likazama kwenye waya hadi nusu na kukwama.

Mdogo wangu alibaki ameshika mpini, amefumba macho. Alipogundua bado anapumua, akafumbua.

"Nimekuona, kaka," akasema taratibu. "Ulikuwa unahesabu."

Hakupata nafasi ya kuendelea, kwa sababu madereva walikuwa wameona waya. Ule waya ndio riziki yao. Kilichokuwa vita vya kumi na wawili kikageuka kuwa kumi na wawili juu ya mmoja. Walimwangusha. Walimpiga kwa mikanda, kwa viatu, kwa mguu wenye kiatu na mguu peku. Alijikunja akaficha kichwa. Mara ya mwisho kumwona amejikunja hivyo alikuwa na miaka saba, anaogopa radi, na mimi ndiye niliyekuwa namfunika shuka.

Sikumfunika. Nilikuwa nimeketi kando ya mashine, nashika ubavu.

Polisi wawili walitoka kituoni kwao ng'ambo ya mzunguko, wakapiga virungu pande zote bila upendeleo, wakamtoa. Jicho moja limefungika. Damu inamtoka masikioni. Wakamtia pingu, wakamrusha nyuma ya gari lao.

Mkaguzi akafungua faili.

"Mzee, hii ni mara ya tatu."

"Najua, mama."

"Kwa kanuni, kesho tunakuja kuchukua mashine."

"Najua."

"Isipokuwa," akafunua karatasi nyingine, "kama ni uvamizi. Mtu wa nje, asiyehusiana na mwenye kiwanja, kaja kufanya fujo. Hiyo haihesabiwi. Yeye anashtakiwa, mkataba unaendelea, hata zile nne zinakuja." Akachomoa kalamu. "Huyu mtu unamfahamu?"

Nikalitazama lile gari la polisi. Mdogo wangu aliinua kichwa, akawa ananisubiri kwa jicho moja.

"Simfahamu," nikasema.

"Kaka!" akaita kutoka kule. "Sema tena, masikio yamejaa damu, sijasikia vizuri!"

Mkaguzi akakunja uso. "Anakuita kaka."

"Hapa kila mtu ananiita kaka."

Akawageukia madereva. "Na ninyi? Kuna anayemfahamu?"

Madereva kumi na wawili, ambao ukimtoa Kifaru aliyekuwa usingizini wote walisikia swali la "nilikufa lini" kwa masikio yao, wakainama. Kila mmoja akawa anatafuta kiatu. Mashine ikiondoka, kituo kingine cha kuchaji kiko mji mwingine kabisa.

"Hatumfahamu, mama," Kifaru akasema, kaziba jicho. "Tumemwona tu kaja na mlango."

"Basi tia saini hapa, mzee."

Nikachukua kalamu. Damu yangu ikadondokea karatasi, nikaifuta na kiwiko, ikazidi kuenea.

Ndipo mke wangu akaingia getini. Alikuja mbio, kitambaa cha maji ya chumvi bado kiko mkononi. Akauona mlango. Akaniona mimi na fremu, karatasi, kalamu. Akamwona shemeji yake garini. Hakuuliza mtu yeyote kitu. Mwanamke huyu nimeishi naye miaka thelathini na minane, haulizi anachokijua.

Alinipita kama anavyopita nguzo. Akaenda kwenye gari la polisi, akakusanya gauni lake, akakanyaga bampa, akapanda. Akaketi sakafuni kando ya mdogo wangu na kuanza kumfuta damu usoni.

"Mama, shuka," akasema polisi. "Huyo ni mhalifu."

"Sishuki."

"Ni nani wako?"

"Wewe endesha. Kituoni mtataka jina lake, na huyu sasa hivi hana mdomo wa kulisema. Jina lake ninalo mimi." Akakamua kitambaa, maji mekundu yakashuka kwenye bampa. "La aliyemuua ninalo pia."

Polisi akamtazama mwenzake. Mwenzake akawasha gari.

Mkaguzi alikuwa ameusikia kila neno. Akalitazama gari, akanitazama mimi, akaitazama karatasi ambayo saini yangu ilikuwa imefika nusu. Akanisogelea mpaka nikaona sura yangu kwenye miwani yake, ndani ya fremu yenye utepe mweusi.

"Na yule mama, mzee?" akauliza. "Naye humfahamu?"